Ampea Sita za Ghorofa ya Tatu

Haya alinisimulia Wisal mwenyewe, mwezi wa Shaabani uliopita, siku tuliyokaa sakafuni jikoni kwake tukitoboa mamung'unye madogo ya kujaza mchele. Hakujificha. Alicheka hapa na pale, na mimi nayaandika kama nilivyoyapokea. Yalitokea miaka ile ya vita, mji wa Halab ulipokuwa hauna umeme wa serikali ila kwa kubahatisha, na watu wananunua umeme wa jenereta za mtaani kwa ampea, kama mtu anavyonunua kitambaa kwa dhiraa.

Ghorofa ya tatu ya jengo lao ilikuwa na milango miwili. Wa kulia ni wa Wisal, mjane, mwanawe wa pekee amekwenda kufanya kazi Mersin, ng'ambo ya mpaka. Wa kushoto ni wa Ghusun na mumewe Rushdi. Huyu Rushdi alikuwa mtia nyuzi rangi tangu ujanani, na mvuke wa rangi wa miaka arobaini ulikuwa umemmaliza mapafu. Alipumua kwa mashine, kasha lenye magurudumu lililovuta hewa ya chumbani, likaichuja, likampelekea puani kwa mpira. Mashine ikizimika, Rushdi alikuwa na dakika chache tu kabla midomo haijaanza kugeuka zambarau.

Milango miwili, laini moja. Ampea sita, na zimeandikwa kwa jina la Wisal kwa kuwa ndiye aliyetangulia kwenda kwa mwenye jenereta. Ukutani pale kwenye ngazi waya uligawanyika, mmoja kulia na mmoja kushoto, na makubaliano yalikuwa tatu kwa tatu. Chini barabarani, ndani ya boksi la chuma, kulikuwa na breka, ile swichi inayojikata yenyewe watu wakivuta zaidi ya haki yao kwa dakika kadhaa. Ikishaanguka haipandi mpaka Baba Hatim, mwenye jenereta, aje na ufunguo wake.

Mwaka mzima breka haikuanguka hata siku moja. Kisha baridi ilipoanza kulegea ikaanguka mara moja kwa wiki, halafu mara mbili. Milozi ilipotoa maua ilikuwa inaanguka kila siku, tena saa ileile, kati ya saa sita na saa saba mchana, Wisal akiwa na chungu jikoni.

Wisal hakuwa mtu wa kugombana. Alikuwa mtu wa kuhesabu. Akaanza kuhesabu.

Yeye alijijua anavyojibana. Gesi ilikuwa adimu, akapikia jiko dogo la umeme, lile la udongo lenye koili imezunguka kama nyoka kwenye mfereji wake. Koili ilikuwa imekatika mara tatu tangu mwaka uanze, na mara tatu akaiunga mwenyewe kwa koleo, hakumsumbua fundi. Taa aliwasha moja. Jokofu alilifanya kabati la viatu. Basi kama si yeye, ni nani? Kikulacho ki nguoni mwako, alijisemea, akautazama ule mlango wa kushoto.

La kwanza aliloona ni kwamba kila breka ilipoanguka, Ghusun ndiye aliyetangulia kutokea kwenye ngazi, mtandio umeshafungwa kichwani. Mtu aliyeshtukizwa hutoka kichwa wazi. La pili, shati za Rushdi zilizoanikwa kwenye kamba zilikuwa nyeupe mno kwa shati zinazofuliwa kwa mkono. Akazitazama siku tatu mfululizo, akaamini kuna mashine ya kufulia mle ndani.

"Umeanguka tena," Ghusun alisema siku moja, wamesimama ngazini wakimsubiri Baba Hatim.

"Naona."

"Ulikuwa umewasha nini, dada Wisal?"

"Mimi? Kajiko kangu kalekale. Wewe je?"

"Mimi mashine tu, na kale kajokofu ka dawa, na taa."

"Mashine tu."

"Mashine tu, dada. Unataka nikuapie?"

"Sijakwambia uape. Mtu akianza kutaja kuapa hajaombwa, hapo ndipo ninapofungua masikio."

Ghusun akamtazama, akarudi ndani haraka, akaufunga mlango nyuma yake. Zamani hakuwa akiufunga. Wisal akalihesabu na hilo.

Kilichomaliza hesabu ni mtungi. Jumatatu moja, kupitia tundu la mlango, Wisal aliona mchukuzi anapanda na kitu kirefu cha mviringo begani, kimezungushiwa blanketi, na Ghusun anamwelekeza kwa mkono bila kutoa sauti. Kitu kirefu cha mviringo, kinafichwa ndani ya blanketi. Wisal alisimama pale tunduni mpaka jicho likamwasha. Hilo ni birika la kuchemshia maji ya kuoga, akasema. Kwanza shati, sasa kuoga maji ya moto. Mimi najipangusa kwa kitambaa na wao wanaoga kama maharusi, kwa ampea zilizoandikwa jina langu.

Kesho yake akaenda kwa Baba Hatim.

Baba Hatim, kabla ya vita, alikuwa fundi wa suruali. Jenereta yake ilinguruma nyuma ya ukuta wa lililokuwa duka lake, na yeye alikaa mbele kwenye kiti kilekile cha kushonea, daftari pajani.

"Nataka unikatie waya wa kushoto," Wisal alisema.

"Wa kushoto ni wa Rushdi."

"Najua ni wa nani."

"Bi Wisal, yule mtu anapumua kwa ule waya."

"Nani amemkataza kupumua? Atafute laini yake. Hii ni yangu."

Baba Hatim akafunga daftari. "Boksi langu limejaa, sina pa kumweka. Jenereta ya mtaa wa pili imejaa. Ya msikitini imejaa tangu Rajabu. Nikikata leo, leo hiyohiyo hana. Hilo unalijua?"

Hapa Wisal aliponisimulia aliacha kutoboa mamung'unye. Alisema alitazama viatu vyake, akajibu, "Nalijua."

"Na bado unataka nikate."

"Wamenunua birika la kuogea, Baba Hatim. Nimeliona kwa macho yangu. Kila siku wananiangushia breka, dengu zangu zinabaki nusu mbichi. Mwenye kuiba ampea ya jirani ameshaiba na ya mumewe. Si mimi ninayemwua, ni mkewe."

"Mimi nimeshona suruali miaka ishirini," Baba Hatim akasema, "na sijawahi kukata kitambaa kwa maneno ya mteja. Napima kwanza. Nikiwakuta wamezidi tatu, nakata mbele yako. Kuna neno?"

"Hakuna. Njoo kesho saa sita na nusu. Uvue viatu ngazini, usipige hodi."

"Mimi ni mwenye jenereta, mama, si mwizi wa kuku."

Lakini alikuja, na viatu mkononi. Alikuwa na mita ya koleo, ile inayofumba mdomo kuuzunguka waya na kusoma umeme unaopita bila kuukata. Wisal alikuwa ameshaweka chungu jikoni kama kawaida yake, ili wa upande wa pili wasishtuke. Baba Hatim akaifumbisha mita yake kwenye waya wa kushoto. Wisal akasogeza uso mpaka pumzi ikakitia ukungu kile kioo.

"Mbili na nusu," Baba Hatim alinong'ona.

"Subiri. Bado hajawasha."

Wakasubiri. Mbili na nusu. Wakasubiri tena.

"Amekusikia ukipanda," Wisal akasema.

"Miguu mitupu hii?"

"Ana masikio yule. Amezima birika."

Na kabla Baba Hatim hajamshika mkono, alikuwa ameshagonga mlango wa kushoto kwa kiganja kizima. Ghusun akafungua, mikono imelowa, kwenye beseni nyuma yake shati nyeupe imezama kwenye povu, na kipande cha sabuni ya mafuta ya zeituni juu ya ubao wa kufulia. Wisal aliuona ule ubao. Akaupita. Akaenda moja kwa moja kwenye kona ya chumba, pale kitu kirefu kilipokuwa kimesimama kando ya kitanda cha Rushdi, akalivuta blanketi.

Ulikuwa mtungi wa chuma, una bomba juu na mpira umeviringishwa shingoni.

"Birika liko wapi?" aliuliza.

"Birika gani?" Ghusun akamtazama yeye, kisha Baba Hatim mlangoni na viatu vyake mkononi. "Huo ni mtungi wa hewa, wa tatu tangu breka ianze kuanguka. Breka ikianguka mashine inazimika, namtia kwenye mtungi mpaka huyu bwana aje aipandishe. Ulidhani anapumua nini hiyo nusu saa, dada?"

"Kwa nini ulifungwa blanketi?"

"Ili usigonge ngazi ukalipuka. Na ili watu wasiulize nimeutoa wapi. Bangili zangu zote ziko humo."

Wisal alikuwa bado ameshika blanketi pale mashine ilipolia. Ililia mlio mrefu mwembamba, taa yake ikazimika. Breka ilikuwa imeanguka. Ghusun akafuta mikono kwenye gauni, akatoa mpira mmoja puani mwa mumewe, akatia mwingine, akafungua bomba robo, akainamisha sikio. Alifanya hayo kwa muda mfupi kuliko mtu kufunga vifungo vya shati. Mikono ya mtu hujifunza hivyo kwa kurudiarudia, na Wisal alijua imerudia mara ngapi, kwa sababu alizihesabu.

Na bado moyo haukukubali. Shuku ikishakaa mwezi mzima haitoki kwa kuonyeshwa mlango.

"Mnaona?" alisema. "Imeanguka na mimi nimesimama hapa, sijashika kitu."

"Umeacha nini kwako?" Baba Hatim akauliza.

"Chungu cha dengu. Kajiko tu."

"Nenda kachomoe. Kila kitu."

Akachomoa. Baba Hatim akashuka, breka ikapanda, mashine ikaanza tena kuvuta. Aliporudi juu alifumbisha mita kwenye waya wa kulia. Sifuri. "Chomeka sasa hako kajiko kako, kwa muda mdogo."

Wisal akachomeka. Koili ikawa nyekundu, ikapita nyekundu, ikaelekea rangi ya chungwa.

"Tano," akasema Baba Hatim.

"Mita yako ina wazimu."

"Mita haina wazimu wala haya. Tano zako, mbili na nusu za wenzako, hizo ni saba na nusu. Breka ni ya sita. Chomoa."

"Ni wao wanaovujisha umeme wao unaingia kwangu."

"Bi Wisal, umechomoa ikawa sifuri, umechomeka ikawa tano. Umeme wa Ghusun unakujia kwa kuitwa na kajiko?" Akalifunga jiko kwa kitambaa, akalipindua. Chini, kwenye bati, palikuwa na maandishi. Akayasoma kwa kuyakodolea. "Volti mia mbili na ishirini. Wati mia tano na hamsini. Unajua hii maana yake nini?"

"Maana yake nililinunua jipya."

Akatoa pakiti ya sigara na kalamu ya sikioni. Aliandika akisema, kama alivyokuwa akimsomea mteja kipimo cha kiuno.

"Wati ndiyo nguvu inayotumika. Unaipata ukizidisha volti kwa ampea. Basi ukigawanya wati mia tano na hamsini kwa volti mia mbili na ishirini, unapata ampea mbili na nusu. Hilo ndilo jiko lililotoka dukani: mbili na nusu. Sawa?"

"Endelea."

"Sasa koili. Umeme unasukumwa kwa volti, koili inaukatalia kupita. Katika kule kusukumana ndipo moto unapotoka. Kule kukataa ndiko wanakokuita ukinzani, na kipimo chake omu. Unagawanya volti kwa ampea. Mia mbili na ishirini kwa mbili na nusu, omu themanini na nane. Hivyo ndivyo ilivyokuwa mpya. Leo, mia mbili na ishirini kwa tano, arubaini na nne." Akaigonga pakiti kwa kalamu. "Nusu. Nusu ya koili yako imekwenda wapi, mama?"

Wisal akaenda kabatini, akarudi na kopo la halua, akalifungua. Ndani vilikuwamo vipande vya koili, vya urefu wa dole gumba, vya urefu wa kiganja, vimekunjwa vizuri, maana hakuwa mtu wa kutupa kitu.

"Ilikatika," akasema. "Palipoungua nikapakata, nikaunga pazima na pazima."

"Hivi vipande vingine havijaungua."

"Hivyo nilivikata mwenyewe. Ile mara ya pili, breka ilipoanza kuanguka. Na mara ya tatu nikaongeza."

"Ulikata koili nzima? Kwa nini?"

"Ili ipate kula umeme kidogo. Mwenye utumbo mfupi hali sana. Nilisema nijinyime mimi, majirani wapate."

Baba Hatim alitaka kucheka, akajizuia, akashindwa, akamalizia kwenye kikohozi. "Koili si utumbo, Bi Wisal. Kwangu kitambaa kifupi ni kitambaa kichache, hapo ungekuwa sahihi. Lakini hii ni kama bawabu mlangoni. Umempunguza bawabu nusu, wamepita mara mbili. Zidisha: mia mbili na ishirini kwa tano, wati elfu moja na mia moja. Kila ulipoikata ili ipate kula kidogo, ilikula zaidi. Dengu zako hazikuwa zinachemka upesi siku hizi?"

"Zilikuwa zinachemka upesi."

"Ukasemaje?"

"Nikasema dengu za mwaka huu ni nzuri."

Hapo ndipo walipogeuka wakamwona Ghusun amesimama mlangoni. Hakuna aliyejua alikuwa hapo tangu lini.

"Nilijiuliza kwa nini amekuja na viatu mkononi," alisema. "Ulimwita aje kutukata?"

Baba Hatim akaanza kuvaa viatu kwa bidii kubwa.

"Nilimwita," akasema Wisal.

"Ukijua hakuna laini nyingine."

"Nikijua. Aliniuliza, nikamjibu najua."

Ghusun akatikisa kichwa polepole. "Na mimi nilikuwa nanusa mlango wako kila adhuhuri. Nilisema huyu amefungua mgahawa kimyakimya, anapikia watu kwa sufuria kubwa. Nikahesabu hata maganda ya vitunguu kwenye taka zako. Lakini kukukata halikunijia."

Wisal akamgeukia Baba Hatim.

"Futa jina langu kwenye laini. Andika la Rushdi. Ampea zote sita. Wakitaka kunipa, watanipa."

"Una hakika?"

"Mtu aliyekuwa na akili kama yangu ya mwezi huu hapewi kisu kushika."

"Iandikwe sasa hivi," alisema Ghusun, "si kesho." Akasimama juu ya bega la Baba Hatim mpaka kalamu ilipomaliza, kisha akalichukua daftari, akalisoma mwenyewe, akamrudishia. Na jiko akalibeba. Hakuomba. Alilitia kwapani likiwa bado na uvuguvugu, akavuka nalo kwenda kwake.

Baba Hatim alipoondoka, Wisal alibaki na chungu cha dengu hakina moto. Akakitazama, akakibeba, akamfuata. Mlango wa kushoto ulikuwa wazi.

Rushdi alikuwa ameegemea mito, mpira wa mashine puani. Maneno yake siku zile yalikuwa machache, kila moja lina bei ya pumzi.

"Wisal," akasema. "Ziliiva?"

"Nusu."

"Lete. Meno ninayo."

Wakazila nusu mbichi, kwa mkate na kitunguu na mafuta ya zeituni, wakitafuna kwa kelele kama mbuzi. Rushdi alikula vijiko vinne, akasema moyoni mwa dengu bado kuna jiwe, akageukia ukutani. Saa ya breka ilikuwa inaishia. Wote wawili, wanawake, wakaacha kutafuna. Mashine ikaendelea kuvuta na kutoa, kuvuta na kutoa. Saa ikapita. Rushdi akaanza kukoroma.

"Lala na wewe," alisema Wisal. "Nitakaa hapa niiangalie."

"Sijalala mchana tangu breka ianze kuanguka."

"Ndiyo nasema lala."

"Nilale wewe ukiwa macho? Ndani ya nyumba yangu, karibu na waya wangu?" Ghusun alisema bila hasira, kama mtu anayekataa sukari kwenye kahawa. "Kwanza lala wewe. Nikikuona umelala, nami nitajinyoosha."

Ilikuwa haki yake. Wisal akajilaza kwenye godoro la wageni, viatu akaviweka mbali kidogo ili ionekane hakusudii kwenda popote. Akafumba macho. Akapumua kwa urefu, kama walalao.

"Hujalala," alisema Ghusun.

"Nitalalaje ukiniangalia?"

"Sikuangalii."

"Unaniangalia. Naisikia shingo yako."

Wisal akahesabu pumzi za mashine mpaka mia, akajikuta anahesabu na za Ghusun, maana zilikuwa zimeanza kurefuka. Hakuziamini. Akasema moyoni, huyu ananitega, anataka nifumbue jicho aseme nilijua. Akavumilia mia nyingine. Kisha akafumbua jicho moja, kidogo sana.

Ghusun alikuwa amelala ameketi, kidevu kifuani, mdomo wazi, mkono mmoja umeshika waya wa jiko aliouzungusha kwenye kifundo ili usivutwe bila yeye kujua.

Wisal akalifumba lile jicho. Akawaza kama vile vipande vya kwenye kopo vinaweza kuungwa mwisho kwa mwisho, vikarudi kuwa omu themanini na nane, akaanza kuvijumlisha kimoja kimoja, cha dole gumba, cha kiganja, na kabla hajafika cha tatu naye akawa amelala.